Lulimba imo katika vitabu vya wengine: wanafunzi wa Fizi wataandika lini?

Tarehe 27 Juni 2025, mawaziri wa mambo ya inje wa Kongo na wa Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani kule Washington. Tarehe 4 Desemba mwaka uleule, marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame wakaenda wenyewe kuyatilia nguvu mbele ya Donald Trump. Hata wiki moja nzima haikupita, waasi wa AFC/M23 wakaingia Uvira. Familia nyingi zikavuka kwenda Burundi, zingine zikateremka upande wa Baraka na Fizi. Baadaye waasi hao wakatangaza kwamba wanaondoka mjini kwa ombi la Marekani.

Lulimba, habari hizo zilifika kwa redio na kwa sauti zenye kutumwa kwenye simu. Kila mtu alisikia kama karatasi imetiwa sahihi. Lakini ndani ya karatasi mna nini? Mna ahadi ya kuheshimu mipaka, mna mpango wa kuvunja kundi la FDLR huku Rwanda ikiondoa kile inachokiita hatua zake za ulinzi, na mna sehemu ya uchumi yenye kugusa madini. Sehemu hiyo ya mwisho ingepaswa kuamsha watu wa sekta ya Ngandja, kwani dhahabu ya Misisi iko mlangoni mwao.

Maandishi ya mapatano hayakufichwa. Yalitangazwa kwenye intaneti. Kilichokosekana ni mtu wa hapa wa kuyasoma kifungu kwa kifungu na kuyaeleza kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaelewa. Na hapo swali linawaendea moja kwa moja vijana wa Fizi, Baraka na Uvira wenye kusomea sheria, siasa na uhusiano wa kimataifa: kazi hiyo si yao?

Wengi watajibu haraka: hakuna feza, hakuna mashini, hakuna amani. Jibu hilo lina ukweli wake. Lakini ng'ambo ya ziwa, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, wanafunzi wenye feza kidogo walifanya jambo linalofaa kukumbukwa leo.

Jarida la wanafunzi ni kitu gani?

Kwanza tueleweshane. Jarida la namna hii si gazeti la matangazo ya shule, na si kurasa za kusifu mkuu wa iniversite. Ni kitabu chenye kutoka mara moja au mbili kwa mwaka. Ndani yake mwanafunzi anachukua jambo moja, kwa mfano mkataba, mpaka, vita au biashara ya madini, analichunguza na kuonyesha habari yake ameitoa wapi. Kabla makala haijatoka, wenzake wawili au watatu wanaisoma bila kujua ni ya nani. Wanauliza: neno hili umelitoa wapi? Hesabu hii nani ameifanya? Mwandishi anarudishiwa kazi, anasahihisha, ndipo inachapishwa. Wenye kuchagua na kuamua ni wanafunzi wenyewe.

Mambo haya yana mifano mikubwa. Columbia, kule New York, kuko jarida la mambo ya kimataifa lililoanza mwaka wa 1947 na wanafunzi ndio wenye kulisimamia. London School of Economics kuko jarida lenye jina Millennium. Wanafunzi wa udaktari walilianzisha mwaka wa 1971, na mpaka leo wanafunzi wanapokezana uhariri wake. Wanaomaliza masomo wanaondoka, wapya wanaingia, jarida linabaki.

Cheche za Dar es Salaam

Afrika Mashariki haikungoja London. Mwaka wa 1967, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliunda chama kilichojulikana kwa herufi USARF, chama cha wanafunzi cha mapinduzi ya Afrika. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Ndani yake walikuwemo Watanzania, Waganda na wengine kutoka inchi mbalimbali. John Garang, yule atakayeongoza vita vya Sudan Kusini, naye alipita kati yao.

Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa njia panda ya dunia. Kamati ya ukombozi ya Umoja wa Inchi za Afrika ilikuwa na makao yake pale tangu 1963. FRELIMO ya Msumbiji ilikuwa na ofisi mjini. Mwalimu Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa akifundisha historia. Mwanafunzi aliyetaka kujua siasa ya kimataifa hakuhitaji ndege. Mwaka wa 1968 kundi la wanafunzi hao liliingia kwa miguu katika maeneo ya Msumbiji yaliyokuwa yamekombolewa, kwenda kujionea wenyewe.

Novemba 1969, USARF pamoja na tawi la vijana wa TANU pale chuoni wakatoa jarida lao, Cheche. Jina hilo lilifuata Iskra, gazeti la Lenin, na The Spark, gazeti la Ghana ya Nkrumah. Mhariri mmoja alikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hesabu. Wengine walikuwa Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa fedha wa Tanzania. Hawakuwa na kiwanda cha uchapaji. Walipiga kurasa kwa stensili, kwa mashini ya kawaida ya ofisi.

Septemba 1970, Cheche ilitoa toleo maalumu lenye maandishi marefu ya mwanafunzi wa sheria, Issa Shivji, juu ya vita vya kitabaka vilivyokuwa vikiendelea kimyakimya Tanzania. Aliuliza nani hasa alikuwa anafaidika na ujamaa: wakulima na wafanyakazi, ao wakubwa wa serikali na makampuni ya kigeni yaliyobaki kwa mlango wa nyuma. Maandishi yale yalisomwa mbali, na mwaka wa 1973 yalitoka kama kitabu.

Serikali haikupendezwa. Novemba 1970, mwaka mmoja tu baada ya toleo la kwanza, USARF na Cheche vyote vikapigwa marufuku. Wanafunzi waliambiwa kwamba vijana wa TANU wanatosha pale chuoni, na kwamba jina Cheche linaleta sura ya ujamaa wa Kirusi. Wao hawakukaa. Mwaka wa 1971 tawi la vijana wa TANU likatoa jarida jingine, MajiMaji, kwa jina la vita vya wakulima dhidi ya Wajerumani.

Linganisha sasa. Millennium ya London na MajiMaji ya Dar zilianza mwaka mmoja. Ya London ingali hai. Tofauti haikuwa akili za wanafunzi. Kule London jarida halikutegemea ruhusa ya chama chenye kutawala.

Cheche nayo ilikuwa na upungufu wake. Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini karibu maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Mkulima aliyetetewa ndani yake hakuweza kuyasoma. Tena jarida lilikuwa la upande mmoja wa siasa, na asiye wa upande ule hakuwa na nafasi kubwa. Mwenye kutaka kufuata mfano wa Cheche ajue na hayo.

Kinshasa, mwaka uleule

Mwaka ule Cheche ilipozaliwa, wanafunzi wa Kongo walikuwa wakizika wenzao. Umoja wao wa kitaifa, UGEC, ulioundwa mwaka wa 1961, Mobutu alikuwa ameuvunja mwaka wa 1968. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa juu ya burusi na haki zao, na jeshi likawapiga risasi. Mwaka wa 1971, vijana walipotaka kuwakumbuka marehemu wale, iniversite ilifungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa lazima. Kisha iniversite zote za inchi zikaunganishwa kuwa moja chini ya mkono wa serikali.

Mambo hayo yanaeleza kwa sehemu kwa nini desturi ya wanafunzi kuandika juu ya siasa na kuchapisha ilidhoofika Kongo. Si uvivu. Kizazi kizima kilifundishwa kwamba karatasi inaweza kukufikisha kambini.

Fizi katika maandishi ya wengine

Wakati huo huo Fizi haikukosa kuandikwa. Iliandikwa sana, lakini na wengine.

Aprili 1965, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kufika Kibamba. Alikaa katika milima ya Fizi mpaka Novemba. Aliandika kitabu juu ya safari ile, na yeye mwenyewe anakiri kwamba ilishindwa. Jina la Lulimba limo ndani, kama sehemu ya mbele ya vita. Msomaji wa Havana ao wa Paris anaweza kulikuta jina la kijiji hiki kabla ya mtoto wa Lulimba kuambiwa kama limo.

Miaka kumi baadaye, usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha wa chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila walivuka ziwa hadi Gombe, karibu na Kigoma, wakateka wanafunzi wanne wa kizungu waliokuwa wakichunguza sokwe. Wakawaleta upande wa Fizi. Mazungumzo yakagusa Tanzania, Zaire, Uholanzi na Marekani. Wote wanne waliachiliwa mwishoni. Balozi wa Marekani Dar es Salaam, Beverly Carter, alijiingiza katika mazungumzo yale, jambo lililomkasirisha waziri Henry Kissinger, na balozi akakosa cheo kipya alichokuwa ameandaliwa. Kesi ile bado inazungumzwa Marekani kila panapoulizwa kama serikali ijadiliane na watekaji. Maandishi ya upande wa Fizi juu ya jambo hilohilo ni vigumu kuyapata.

Kisha Makobola. Siku za mwisho za Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya watu waliuawa pale. Kila mwaka Fizi inawakumbuka. Maandishi yenye kujulikana zaidi juu ya mauaji hayo ni ripoti ya Umoja wa Mataifa yenye kuitwa Mapping, iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010, yenye kuhesabu matukio 617 ya ukatili katika Kongo nzima kati ya 1993 na 2003. Dhahabu ya Misisi nayo imeandikwa katika ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa.

Maandishi ya wageni si mabaya. Bila Mapping, mengi yangepotea. Lakini mgeni anakuja wiki mbili, anauliza watu wachache, anarudi. Akikosea jina la mto ao la ukoo, nani atamsahihisha? Ili umsahihishe, nawe lazima uwe na kitu kilichochapishwa.

Karatasi ina bei gani?

Kuko watu wenye kuona mambo haya kama mchezo wa wasomi. Waangalie kesi moja.

Mwenyekiti yule wa wanafunzi wa Dar es Salaam alikuwa rais wa Uganda mwaka wa 1986. Mwaka wa 1998 jeshi lake liliingia Kongo. Kongo ikaishitaki Uganda kwenye Korti ya Kimataifa ya Haki kule La Haye mwaka wa 1999, na mwaka wa 2005 korti ikaamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa. Ikabaki hesabu ya malipo. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022, korti ikatoa dola milioni 325.

Kwa nini tofauti ni kubwa namna hiyo? Sababu moja ambayo korti yenyewe ilirudia ni upungufu wa ushahidi. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, dhahabu ilibebwa, lakini majina, tarehe, mahali na hesabu havikuandikwa vya kutosha. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda kwenye korti hiyohiyo haikufika hata hapo, kwani mwaka wa 2006 korti ilisema haina uwezo wa kuisikiliza.

Leo kuko mlango mwingine. Tarehe 26 Juni 2025, siku moja kabla ya sahihi ya Washington, Korti ya Afrika ya Haki za Binadamu, kule Arusha, iliamua kwamba ina uwezo wa kusikiliza mashitaka ya Kongo dhidi ya Rwanda juu ya vita vya mashariki. Arusha si mbali, na Kiswahili ndiyo lugha ya mji ule. Korti itakapoingia ndani ya kesi, itauliza maswali yaleyale ya La Haye: nani, wapi, lini, nani aliandika?

Jarida la wanafunzi si mahakama, na makala ya mwanafunzi si ushahidi wa mwisho. Lakini ni mazoezi ya kuandika kwa tarehe, kwa jina la kijiji, kwa chanzo. Inchi yenye vijana wengi wenye mazoezi hayo haipotezi mabilioni kwa kukosa karatasi.

TFC zenye kulala kabatini

Tena mali iko. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kongo wametakiwa kuandika kazi ya mwisho wa masomo, ile inayojulikana kama TFC, ao mémoire kwa wenye kupanda juu zaidi. Mtu anatembea vijiji, anauliza watu, analipa mpiga chapa, anatetea kazi yake mbele ya walimu. Anapewa pointi. Kisha kitabu kinaingia kabatini, na mara nyingi hakuna mwenye kukifungua tena isipokuwa mwanafunzi wa mwaka unaofuata mwenye kutaka kunakili.

Ndani ya makabati hayo kuko uchunguzi juu ya biashara ya ziwa, ushuru wa mpakani, wakimbizi Warundi wa Lusenda na Mulongwe, Wakongomani waliokimbilia Nyarugusu kule Tanzania tangu 1996, migogoro ya ng'ombe na mashamba. Hayo yote ni uhusiano wa kimataifa, hata kama jina kubwa halikuandikwa juu yake. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na wafanyabiashara wa Baraka wanataka kujua kimebadilika nini forodhani. Mwanafunzi aliyechunguza jambo hilo anaweza kufupisha kurasa zake sitini kuwa kumi, mwenzake akazisoma kwa ukali, zikatoka kwa Kifaransa pamoja na muhtasari wa Kiswahili wenye kusomwa redioni. Mashini ya stensili ya leo ni kompyuta moja na simu.

Hatari haifichwi

Kuandika Fizi si sawa na kuandika London. Kuko makundi yenye silaha, kuko askari, kuko wakubwa wenye kukasirika. Jarida lenye akili linachagua vita vyake. Linaweza kuanza na mambo ambayo maandishi yake yako wazi: mapatano, sheria, hukumu za korti, bei na ushuru. Jina la mtu aliyetoa habari ya hatari halichapishwi. Na chumba cha wahariri kisiwe cha kabila moja.

Neno hilo la mwisho ndilo zito. Katika milima na tambarare za Fizi, Uvira na Mwenga, Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu, Wavira na Banyamulenge kila mmoja ana historia yake ya mateso, na mara nyingi historia hiyo inapita kwenye simu kama sauti isiyo na mwenyewe, ikichochea watu. Uvumi hauulizwi umetoka wapi. Makala inaulizwa. Mwanafunzi Mubembe akisoma kazi ya Munyamulenge bila kujua ni yake, akaisahihisha kwa haki, na mwingine akafanya hivyo kwa kazi ya Mubembe, hapo tayari jambo limefanyika hata kabla ya kuchapisha. Lakini jarida likiwa karatasi ya jamaa moja ya kushitaki nyingine, afadhali lisizaliwe.

Walimu nao wana sehemu yao. Kazi yao ni kusimamia mbinu, si kuchagua maoni. Viongozi wa serikali na wa vyama wakitoa msaada, wakumbuke kifo cha Cheche: jarida lenye kuishi kwa ruhusa ya chama linakufa siku chama kinapokasirika. Michango midogo ya wanafunzi wenyewe, pamoja na wazaliwa wa Fizi walioko inje, inaweza kuchelewesha toleo la pili, lakini hailifungi mdomo toleo la kwanza.

Toleo hilo la kwanza halihitaji kuwa kubwa. Mapatano ya Washington yakiwekwa kwa Kiswahili pamoja na maelezo, hukumu ya La Haye ikafupishwa, TFC tatu zikatolewa kabatini, tayari ni kurasa hamsini. Mapatano mengine yatatiwa sahihi, kule Doha, Washington ao Luanda, na jina la Kivu Kusini litakuwemo. Siku hiyo mkaaji wa Lulimba atataka kujua ndani mna nini, na haifai atafute jibu kwa sauti isiyo na mwenyewe kwenye simu.